Tupime Kwanza, Tununue Baadaye: Mazungumzo Juu ya Sidiria

  

Katika mikutano yetu tumekwisha kuzungumza juu ya ng'ombe wa gredi, choo, maji ya chemchemi na mikopo, na kila mara watu wanashika kalamu. Leo tumekuja na jambo ambalo likitajwa tu watu wanaangalia chini. Tunataka kuzungumza juu ya sidiria. Wengine mnaiita sindiria, wasichana wa shule wanasema bra, yote ni kitu kimoja. Sasa msicheke. Baba mmoja ameanza kuinuka. Tafadhali keti, jambo hili linakuhusu, maana mara nyingi pesa zinatoka mfukoni mwako.

Mtu anaweza kuuliza, je, hili ni jambo la maendeleo? Sisi tunasema ni la maendeleo. Hebu kila mama akumbuke sanduku lake la nguo. Mle ndani kuna sidiria ngapi ambazo hazivaliki? Moja inabana, nyingine inapanda mgongoni, ya tatu waya umetoboa kitambaa na kuanza kuchoma kwapani. Zote zilinunuliwa kwa pesa. Mama alikwenda Daraja Mbili siku ya soko, Jumatatu au Alhamisi, akakuta rundo, akachagua kwa rangi, akalipa upesi upesi kwa sababu ya aibu, akaificha chini ya kabichi. Kufika nyumbani, haimtoshi. Hawezi kuirudisha. Anampa dada yake, na dada yake pia haimtoshi. Pesa hizo zingetosha mchango wake wa wiki katika chama.

Pia kuna maumivu. Wale wanaochuna majani ya chai huko Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Kiamokama na Nyamache wanajua kazi ya mikono iliyonyooshwa mbele kutoka asubuhi, kikapu kiko mgongoni. Wengine wanapalilia mahindi wakiwa wameinama, wengine wanabeba mkungu wa ndizi hadi barabarani. Mama akivaa sidiria isiyomkaa, uzito wote wa matiti unaning'inia kwenye zile kamba mbili za mabegani. Jioni anaona mifereji miwili mabegani, shingo inauma, na anasema ni uzee. Ana miaka thelathini na tano tu! Hatusemi kwamba kila maumivu ya mgongo yanatoka kwa sidiria. Lakini hili la mifereji mabegani, mara nyingi ni sidiria.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba kamba za mabegani hazikuwekwa pale ili kubeba uzito. Kinachobeba ni mkanda ule wa chini unaozunguka kifua na kufungwa nyuma kwa kulabu. Kamba zinashikilia tu vikombe visianguke. Ni kama kikapu cha chai: ukikifunga vibaya kinavuta shingo, ukikifunga vizuri mgongo wote unasaidia. Kwa hiyo mkanda ukilegea, kamba zinafanya kazi isiyo yao, na mama anazidi kuzikaza, na anavyozikaza mkanda unazidi kupanda mgongoni. Tumeona wengine wanavaa sidiria mbili kwa pamoja, wakidhani zitasaidiana. Mbili zilizolegea hazifanyi moja iliyokaa sawa.

Sasa twende kwenye saizi. Kwenye kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani kuna namba na herufi, kama 36C au 80C. Wengi wetu tunaangalia namba tu, wengine hawaangalii chochote. Namba ni ya kifua, yaani ule mzunguko chini ya matiti. Herufi ni ya kikombe, yaani titi limetokeza kiasi gani kupita kifua. Ndiyo sababu mtu hawezi kusema tu "mimi ni C". C ya mtu mwembamba ni kikombe kidogo. C ya mtu mwenye kifua kipana ni kikombe kikubwa. Vilevile si kweli kwamba D ni ya wanawake wakubwa peke yao. Msichana mwembamba anaweza kuwa D, na mama mnene akawa B. Herufi hizi hazikutoka mbinguni. Kampuni moja ya Marekani, S. H. Camp, ndiyo iliyoanza kuzitumia mwaka wa 1932, A hadi D, na nyingine zikaongezwa baadaye.

Ili kujua saizi yako unahitaji futi kamba, ile tepu laini ya fundi wa nguo. Bei yake ni ndogo kuliko sidiria moja mpya, na moja inatosha kikundi kizima. Tumia upande wa sentimita, si wa inchi, tutaeleza sababu. Vaa kitu chepesi kisicho na sponji. Pitisha tepu chini kabisa ya matiti, izunguke mgongoni bila kupanda wala kushuka, toa pumzi, kisha ivute ikae imara bila kuumiza. Andika kipimo hicho. Halafu pima tena juu ya matiti, mahali palipojaa zaidi, na hapo tepu isibane. Mama mwenye matiti mazito yaliyolala ainame kidogo mbele ndipo apimwe, la sivyo tepu itamdanganya. Ni vizuri mwenzako akupime, kwa sababu ukijipima peke yako mikono inainua kifua na tepu inakwenda upande mgongoni.

Tuchukue mfano. Mama amepimwa chini ya matiti akapata sentimita 79. Juu ya matiti amepata 96. Katika hesabu ya nchi nyingi za Ulaya, namba zinakwenda kwa tano tano: kifua cha 68 hadi 72 ni namba 70, cha 73 hadi 77 ni 75, cha 78 hadi 82 ni 80, cha 83 hadi 87 ni 85, na cha 88 hadi 92 ni 90. Huyu wa 79 basi ni 80. Sasa toa 79 katika 96, unabaki na 17. Tofauti ikiwa karibu 13 ni A, karibu 15 ni B, karibu 17 ni C, karibu 19 ni D, karibu 21 ni E. Kila sentimita mbili, herufi moja. Kwa hiyo mama huyu ni 80C. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya hesabu hiyo, ingawa hatusemi mumpe mtoto aifanye.

Sasa kuna kitu kinachotuchanganya sana hapa kwetu. Robota za mitumba zinatoka nchi nyingi, na kila nchi ina namba zake. Sidiria ya huyo mama, ikitoka Ujerumani imeandikwa 80. Ikitoka Uingereza au Marekani imeandikwa 36. Ikitoka Ufaransa imeandikwa 95, kwa sababu Wafaransa wanaongeza kumi na tano. Ikitoka Australia imeandikwa 14. Zote nne ni za kifua kimoja! Mama akiona 95 anaitupa akisema hii ni ya jitu, kumbe ndiyo yake. Kwa hiyo mshike hivi: 70 ni 32 ya Waingereza, 75 ni 34, 80 ni 36, 85 ni 38, 90 ni 40. Na ukitaka namba ya Mfaransa, ongeza 15 juu ya ile ya Ulaya. Herufi nazo zinaachana kuanzia D kwenda juu. Mwingereza baada ya D anaandika DD ndipo aende E, lakini wengine wa Ulaya wanatoka D moja kwa moja hadi E. Basi E ya Mwingereza ni kubwa kuliko E ya Mjerumani.

Kuhusu zile inchi tulizosema tutaeleza. Mtu mwenye kifua cha sentimita 79 ana karibu inchi 31. Mbona sidiria yake imeandikwa 36? Ni kwa sababu ya hesabu ya zamani, ambapo watengenezaji walipima kifua kisha wakaongeza inchi nne au tano ndipo wakapata namba. Wengine siku hizi wameacha kuongeza, wengine bado wanaandika vilevile. Ndiyo maana mama anaweza kununua 36 mbili zilizotoka viwanda viwili, moja ikamkaa na nyingine ikamning'inia. Hakuna mchawi hapo. Na fundi akikupima kwa inchi akakuambia ongeza nne, usikatae, lakini usilipe kabla ya kuijaribu.

Kwa sababu hiyo, sokoni tunashauri mpime sidiria yenyewe pamoja na kusoma kile kitambaa. Beba tepu. Kama huna tepu, beba uzi uliokatwa sawa na mzunguko wa kifua chako. Uzi hauna namba, na hakuna anayejua ni wa nini. Shika mkanda wa sidiria kwenye kulabu upande huu na huu, uvute uone unafika wapi. Ukivutwa vizuri ufikie kipimo chako, au upite kidogo tu. Kama unapita mbali bila hata kuvutwa, lastiki imekufa, mrudishie mwenyewe hata kama ina maua mazuri. Angalia mistari ya kulabu. Kwa kawaida iko miwili au mitatu. Sidiria mpya inatakiwa ikae vizuri kwenye ule mstari wa nje unaolegea zaidi, ili lastiki ikichoka baada ya miezi usogee ndani. Ukiona ya mitumba inakukaa tu kwenye mstari wa ndani kabisa, ujue unanunua mwisho wake.

Kisha ijaribu. Tunajua mtasema, nijaribu wapi, katikati ya soko? Wauzaji wengi ni akina mama kama sisi, na ukiomba wanakushikia leso, unaivaa juu ya blauzi nyepesi. Si kipimo kamili, lakini ni bora kuliko kukisia. Hakuna baba anayenunua viatu vya mpira bila kuingiza mguu. Kwa nini sisi tununue hiki bila kujaribu?

Ukishaivaa, inama mbele kama anayepanda mahindi, ingiza mkono, ulikusanye titi lote kutoka kwapani uliweke ndani ya kikombe. Wengi hatufanyi hivyo, na nusu ya titi inabaki nje pembeni. Baadaye tunadhani ni mafuta ya kwapani. Simama wima. Mkanda uwe sawa mbele na nyuma. Vidole viwili viweze kupita chini yake, si mkono mzima. Kile kipande cha katikati kati ya vikombe kilale kwenye mfupa wa kifua. Titi lisimwagike juu wala pembeni. Likimwagika kikombe ni kidogo, ongeza herufi. Kitambaa kikiwa na makunyanzi, kikombe ni kikubwa, punguza herufi. Kama ina waya, waya ulale kwenye mbavu nyuma ya titi, usikanyage titi lenyewe. Halafu fanya kazi yako: nyoosha mikono mbele kama unachuna chai, iinue kama unashusha mzigo kichwani. Ikipanda, hiyo si yako.

Kuna ujanja mmoja ambao wauzaji wazuri wanaujua. Ukikuta kikombe kinakutosha lakini mkanda unabana, panda namba moja na ushuke herufi moja. Mama wa 80C anaweza kujaribu 85B. Mkanda ukilegea, fanya kinyume chake: 75D. Vikombe vinalingana, ila mkanda ndio unabadilika. Na fundi wa nguo anaweza kuikata nyuma na kuishona tena, au kuongeza kipande chenye kulabu, au kuutoa waya uliovunjika. Kikundi chenye cherehani kingeweza kuifanya kuwa kazi ndogo ya kuingiza pesa. Tumeangalia huku na huku, tukaona mafundi wengi wanashona sare za shule lakini wachache wanafanya kazi hii.

Juu ya mitumba yenyewe lazima tuseme ukweli. Viwango vya ubora vya KEBS havikubali nguo za ndani zilizovaliwa kuingizwa nchini, na majirani wetu wa Tanzania wana katazo kama hilo. Lakini soko tunalijua. Mwenye uwezo anunue mpya, hata iwe moja tu. Asiye na uwezo tusimcheke. Aifue kwa sabuni na maji ya vuguvugu, aianike juani hadi ikauke kabisa kabla ya kuivaa. Usiikamue kama gunia, na usiipige pasi ya makaa, utaua lastiki. Ukiwa na mbili, badilisha leo na kesho, zipumzike.

Na ile benki yetu ya kifuani je? Noti zimekunjwa upande mmoja, simu upande mwingine. Tunaelewa, sokoni kuna wezi. Lakini kikombe kilichopimwa kwa titi hakikupimwa kwa simu. Mwambie fundi akushonee mfuko ndani ya sketi.

Sasa tufike kwa mabinti zetu, na hapa tunaomba msikilize zaidi. Mwaka wa 2017 sheria ilibadilishwa ili serikali iwape wasichana wa shule sodo bure, na tangu hapo hata wanaume wanazitaja hadharani bila aibu. Ni vizuri. Lakini msichana wa darasa la sita aliyeanza kuota matiti, nani anamwambia kitu? Anaanza kukunja mabega, anavaa sweta juani, na wakati wa michezo anasema tumbo linamuuma. Walimu wanadhani ni mvivu. Uingereza watafiti waliwauliza wasichana zaidi ya 2,000 wa miaka 11 hadi 18, wakachapisha matokeo mwaka wa 2016, na karibu nusu walisema matiti yao yanaathiri namna wanavyoshiriki michezo. Hao wana maduka kila kona. Wetu je, wanaokimbia wakiwa wameshika kifua kwa mkono?

Zamani hapa Gusii nyanya ndiye aliyekuwa huru kuzungumza na mjukuu mambo ya mwili, mama akiona haya. Siku hizi nyanya yuko kijijini na mtoto yuko bweni, au nyanya mwenyewe hajawahi kuvaa sidiria. Basi mama, lazima uvunje haya hiyo. Mpime binti yako, umnunulie laini isiyo na waya, na umpime tena baada ya miezi michache kwa sababu bado anakua. Usimnunulie kubwa ati atakua aifikie, kama sare. Na usimfunge kifua kwa kitambaa ili asionekane. Hilo linamuumiza na wala halizuii kitu.

Kwa anayenyonyesha tutasema machache. Matiti yanabadilika saizi asubuhi na jioni, kwa hiyo achukue laini, isiyo na waya, inayofunguka mbele akipata. Ikibana, maziwa yanaweza kuziba mahali pamoja, titi likavimba na kuwaka moto, homa ikafuata. Akiona hivyo aende zahanati, na asiache kunyonyesha.

Swali ambalo huulizwa kila mahali ni kama sidiria inaleta saratani. Mwaka wa 2014 watafiti wa Seattle huko Marekani walichapisha uchunguzi wa zaidi ya wanawake 1,500 waliokwisha kukoma hedhi. Waliangalia kama walivaa yenye waya, saa ngapi kwa siku, na tangu umri gani. Hawakuona uhusiano wowote na saratani ya matiti. Lakini saratani yenyewe ipo, na hapa Kenya ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Kwa hiyo siku ya kupimana ni nafasi nzuri. Kila mama aangalie: kuna uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani? Ngozi imevutwa ndani kama ganda la chungwa? Chuchu imegeuka ndani ambapo zamani haikuwa hivyo, au inatoa maji au damu? Titi moja limebadilika ghafla hata sidiria ya jana haimkai? Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hauumi, na hapo ndipo watu wanachelewa, wakisema kisichouma si ugonjwa. Asingoje mwezi uishe. Aende kituo cha afya, wakiona haja watamtuma Hospitali ya Rufaa ya Kisii. Si kila uvimbe ni saratani, na nyingi si saratani. Mwenye kujua tofauti ni daktari, si jirani.

Basi tupange. Kikundi kinunue tepu moja kwa pesa za chama. Siku ya kupimana tutumie nyumba yenye mlango unaofungwa, na akina mama wawili wanaoaminiwa kwa kunyamaza ndio wapime. Vipimo visiandikwe kwenye daftari la kikundi, na katibu asivisome kwa sauti kama hesabu za mkopo. Kila mmoja apewe kikaratasi chenye namba mbili na saizi yake, akiweke pamoja na kitambulisho, aende nacho sokoni Alhamisi. Wasichana wapimwe asubuhi na mama zao kabla ya watu wazima, ndipo wasione haya. Akina baba siku hiyo watakaa nje wakichemsha chai.